Je, Asiyeona Anaweza Kuwa Mweka Hazina Wenu?

Kikundi kikiulizwa kama kinawapokea watu wenye ulemavu, jibu huwa tayari mdomoni: milango iko wazi, hatumbagui mtu. Jibu hilo halipimi kitu. Swali linalopima ni hili: mwanachama asiyeona akichaguliwa leo kuwa mweka hazina, kesho asubuhi ataanza kazi kwa vitabu gani? Kama hakuna aliyewahi kuliwaza, basi watu wenye ulemavu wanakaribishwa kukaa, kula na kupigwa picha, lakini uongozi umewekwa mahali wasipofika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Kikundi cha watu 60 kinachosema hakina hata mmoja, ama wamo na hawajulikani, ama walikwama njiani kabla ya kujiunga. Yote mawili yanaweza kuchunguzwa.

Kuwajua waliomo

Msiulize "je, una ulemavu?" Wengi watajibu hapana. Mzee asiyesikia vizuri anaona ni uzee tu, na mwenye kifafa anahofia kutengwa. Tumieni maswali sita ya Kundi la Washington, jopo la takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa, yaliyotungwa kwa ajili ya sensa na sasa yanatumika hata katika fomu ndogo za uanachama. Je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Ya kusikia, hata ukitumia kifaa cha kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka au kuzingatia? Ya kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Ya kuelewana na wengine unapozungumza lugha yako ya kila siku? Kila swali lina majibu manne: hapana, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa. Aliyejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa swali moja anahesabiwa.

Neno ulemavu halitajwi popote, ndiyo maana watu hujibu kweli. Maswali hayo yana pengo moja: hayawanasi vizuri watu wenye matatizo ya afya ya akili. Kwa hiyo ongezeni la saba, lililo wazi: "Tufanye nini ili ushiriki vikao na kazi zetu bila kikwazo?" Hilo ndilo mtakalolifanyia kazi, yale sita yanawapa hesabu tu. Fomu zikae kwa katibu peke yake, zisisomwe kikaoni, na zijazwe upya kila mwaka, kwa sababu macho na masikio ya mtu hayabaki yalivyokuwa.

Meza ya mweka hazina

Daftari la mistari lililojazwa kwa kalamu ni ukuta kwa asiyeona. Hamishieni hesabu kwenye jedwali la kompyuta au simu. Programu za kusoma skrini zinasoma seli moja baada ya nyingine kwa sauti: NVDA ya Windows ni ya bure, TalkBack huja na simu nyingi za Android, na VoiceOver imo kwenye iPhone. Kizuizi basi si kifaa. Ni namna jedwali lilivyotengenezwa.

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa vya safu, na kila safu iwe na kichwa chake: tarehe, jina, kiasi, sababu, salio. Msiunganishe seli ili kupendezesha, kwa maana programu ikifika kwenye seli iliyounganishwa hushindwa kujua iko chini ya kichwa kipi, na msikilizaji husikia tarakimu isiyojulikana ni mchango au ni deni. Msiache mistari mitupu katikati. Asiyeona hudhani jedwali limeishia hapo. Na ile desturi ya kupaka wadaiwa rangi nyekundu haimwambii chochote. Ongezeni safu ya "hali" na muandike "anadaiwa" au "amelipa". Jedwali moja, karatasi moja.

Kwenye kupokea fedha, utaratibu mzuri ni uleule ambao kila kikundi kingepaswa kuwa nao. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, kiasi kitamkwe kwa sauti, kiingizwe kwenye simu palepale, kisha mlipaji asimame asikie simu ikisoma jina lake na kiasi alichotoa kabla hajaondoka. Hakuna stakabadhi inayomlinda mwanachama kuliko hiyo, awe anaona au haoni.

Fedha za simu zina mtego wake. Zile menyu za kupiga namba zinazoanza na nyota hujifunga baada ya muda mfupi, mara nyingi kabla programu haijamaliza kusoma chaguo zote. Programu-tumizi ya mtoa huduma huwa afadhali, lakini si zote: nyingine zina vitufe visivyo na majina, na msikilizaji husikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila kujua kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti ya kikundi, washeni TalkBack, mjaribu kutuma kiasi kidogo mpaka ujumbe wa uthibitisho. Spika za masikioni ni za lazima, la sivyo kila aliye chumbani anasikia salio na hata namba ya siri.

Benki nayo iulizwe mapema, kwa barua: inapokea dole gumba au muhuri badala ya saini? Nani atamsomea mtia saini hati kabla hajaidhinisha? Wekeni waidhinishaji watatu, wawili watoshe kutoa fedha, ili utaratibu wa benki usiwe sababu ya kumnyima mtu cheo.

Mkimaliza hapo, fanyeni zoezi hilohilo kwa mwenyekiti ambaye ni kiziwi, kwa katibu anayeandika polepole kwa sababu ya mikono kukakamaa, kwa mjumbe wa kamati anayetumia kiti mwendo. Vikwazo vitajitokeza vyenyewe, na vingi vitakuwa kwenye taratibu kuliko kwenye majengo.

Vifungu vya katiba vinavyofukuza watu kimyakimya

Someni katiba yenu mkiwa na kalamu mkononi. Kifungu kinachosema mwanachama awe "mwenye akili timamu" kimeingia kwenye katiba nyingi kwa kunakiliwa tu, na kinatosha kumfuta mtu mwenye ulemavu wa akili au aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika 2008, unasema katika ibara ya 12 kwamba watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba wanaohitaji usaidizi wa kuutumia uwezo huo wapewe. Andikeni badala yake: "anayekubali malengo na kanuni za kikundi."

"Awe anajua kusoma na kuandika" ni kingine. Kama cheo kinahitaji kumbukumbu zitunzwe, semeni hivyo: "ahakikishe kumbukumbu zinatunzwa." Namna ya kuzitunza, iwe kwa nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole), kwa sauti au kwa msaidizi, ni yake.

Kisha kuna kanuni ya vikao vitatu: asiyehudhuria mara tatu mfululizo amejiondoa. Mwenye selimundu, mwenye sonona, au mtu ambaye kiti mwendo chake kimevunjika ekseli na anasubiri fundi, wote watakumbwa nayo. Ongezeni maneno: "bila taarifa", na mkubali taarifa ya ujumbe mfupi, hata ikitumwa na mtu mwingine. Ruhusuni pia kushiriki kwa simu, na aliyeshiriki hivyo ahesabiwe kwenye akidi.

Kwa moyo mwema kabisa vikundi vingine huwasamehe wanachama wenye ulemavu michango na kazi za pamoja. Acheni hilo. Asiyechangia huonekana mgeni, na siku ya kugawana au kuchagua, watu humkumbusha. Kazi za pamoja zipangwe upya ili kila mtu awe na ya kwake: asiyeweza kuchimba anaweza kuhesabu mahudhurio, kupiga simu za wadaiwa au kusimamia vifaa. Anayeshindwa kulipa kwa sababu ya umaskini apate nafuu ileile anayopewa maskini mwingine yeyote, chini ya kifungu kilekile.

Tangazo kabla ya kikao

Tangazo zuri lililochorwa likatumwa kama picha kwenye kundi la WhatsApp ni kimya kitupu kwa asiyeona: simu yake inasema "picha" na kuishia hapo. Ujumbe wa sauti wa dakika nane nao ni kimya kwa kiziwi. Maandishi ya kawaida yanawafaa wote wawili. Chini ya kila picha andikeni tarehe, saa, mahali, ajenda, na namba ya kupiga. Na kwa wasiosoma, ongezeni sauti isiyozidi dakika moja yenye maneno hayohayo. Taarifa za kikao zitumwe kama faili la maandishi. Karatasi iliyopigwa picha au kuskaniwa na kufanywa PDF huwa ni picha tu, hata kama inaonekana kama maandishi. Njia ya kupima: jaribuni kuchagua neno moja na kulinakili. Likikataa, programu nayo huenda isilisome.

Kwenye karatasi, wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, wanahitaji herufi za ukubwa wa nukta 18, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa, bila maneno kupita juu ya picha. Nukta nundu wapewe wanaoisoma. Si kila asiyeona anaijua, na ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, hivyo ulizeni kabla ya kuchapa.

Katika tangazo lenyewe wekeni sentensi hii: "Ukihitaji mkalimani, usaidizi au nakala ya aina nyingine, mwambie katibu siku saba kabla ya kikao." Bila tarehe ya mwisho, maombi huja asubuhi ya kikao na kila mtu anafadhaika.

Ndani ya kikao

Kwanza maiki. Hakuna jambo linaloharibu vikao kwa wenye usikivu hafifu kama mtu anayesimama na kusema, "Mimi nina sauti kubwa, sihitaji maiki." Anahitaji. Wasiosikia vizuri hawatanyoosha mkono kumkatiza. Watakaa kimya mpaka mwisho, na kimya chao kitaandikwa kwenye muhtasari kama kukubali. Kama hakuna maiki, mwenyekiti arudie kila swali kabla ya kujibu. Kila msemaji ataje jina lake kwanza, ili asiyeona ajue anamsikiliza nani na kiziwi aone kupitia mkalimani nani anazungumza.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili kikao kikizidi saa moja, wakipokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Hilo si anasa. Mkalimani anayefanya kazi peke yake huchoka kichwa kabla ya mikono. Huanza kufupisha, kisha kuacha, na kiziwi hawezi kujua kilichoachwa. Asimame karibu na msemaji, ukuta wa rangi moja nyuma yake, mwanga ukimwangukia usoni. Akisimama mbele ya dirisha lenye jua, mikono yake inakuwa kivuli. Mpeni ajenda, majina ya watu na tarakimu siku tatu kabla. Lugha za alama ni nyingi, kila nchi au eneo lina yake, na wapo viziwi ambao hawakupata nafasi ya kujifunza hata moja, hivyo mwulizeni mwanachama mwenyewe anaelewana na mkalimani yupi. Msimgeuze mtoto wake kuwa mkalimani, hasa linapokuja suala la fedha au nidhamu. Na mnapozungumza, mtazameni yeye.

Tafsiri hufika kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Mwenyekiti akisema "wanaokubali nyoosheni mikono" na kuhesabu papo hapo, kiziwi anapoinua mkono hesabu imekwisha. Suluhisho ni dogo: taja hoja, subiri mkalimani ashushe mikono, ndipo uite kura.

Kwa wenye ulemavu wa akili, kadi tatu za rangi husaidia kuliko hotuba za kuwahimiza: kijani "naendelea kuelewa", njano "punguza mwendo", nyekundu "simama, sijaelewa". Mpeni kila mtu seti, si wao tu, na mtashangaa nani mwingine ananyanyua nyekundu. Siku mbili kabla ya kikao, mtu waliyemchagua wenyewe aketi nao kwenye ajenda iliyoandikwa kwa sentensi fupi, wazo moja kwa kila sentensi. Mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa moja yanamfaa mwenye maumivu ya mgongo, mwenye wasiwasi unaopanda katika umati, na mkalimani.

Wasaidizi binafsi wakaribishwe na walishwe, lakini hawapigi kura na hawajibu maswali aliyoulizwa mwanachama.

Jengo, kwa futi ya kupimia

Njia ya mteremko huharibiwa na haraka ya fundi. Uwiano unaokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko uwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akiona eneo ni fupi huujenga wa mita 2 na kuuita mteremko. Mtu akijisukuma mwenyewe, magurudumu ya mbele hunyanyuka na kiti hupinduka nyuma. Eneo likiwa dogo, ukunjeni mteremko katikati kwa jukwaa tambarare la mita 1.5 kwa 1.5. Jukwaa kama hilo liwepo pia mbele ya mlango, kwa sababu mtu hawezi kuvuta mlango huku akizuia kiti kisirudi nyuma. Upana usipungue sentimita 100, na kingo ziinuliwe sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke. Vishikio viwe pande zote mbili, kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95. Kabla saruji haijakauka, ipigwe ufagio mgumu kwa kukatiza njia. Ikilainishwa, mvua ya kwanza itaangusha watu.

Kukagua uliokwisha kujengwa, lazeni ubao ulionyooka wa sentimita 120 juu ya mteremko, upande wa juu uguse, upande wa chini uinuliwe mpaka pima maji iseme uko sawa. Pengo chini ya ncha iliyoinuliwa likizidi sentimita 10, mteremko ni mkali.

Mlango upimwe ukiwa umefunguliwa, kutoka uso wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Sentimita 80 ndiyo chini kabisa, 90 ndiyo raha. Kwenye choo, mlango ufunguke kwa nje, ndani pabaki nafasi ya mduara wa mita 1.5, kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, na pembeni yake pawe na sentimita 90 za kuegesha kiti mwendo. Vyuma vya kushikia viingie ukutani kwa bolti na vijaribiwe kwa mtu mzima kuning'inia. Kilichofungwa kwa skrubu kwenye lipu kitang'oka siku mtu anapokitegemea. Baada ya miezi michache kagueni tena. Vyoo hivi hugeuzwa stoo ya mafagio na viti vya plastiki, na ufunguo hukaa kwa mlinzi aliyekwenda kula.

Ukaguzi huu ufanywe na wanachama wenye ulemavu pamoja na chama chao cha eneo lenu, na walipwe kama mnavyomlipa fundi. Zoezi la kuwafunga macho wasio na ulemavu ili "waonje" halifundishi. Aliyefungwa macho kwa dakika kumi anajifunza hofu. Asiyeona wa miaka mingi ana ujuzi wa kutembea, na ujuzi huo ndio mnaouhitaji.

Kura ya siri

Ibara ya 29 ya mkataba ule inalinda kura ya siri na haki ya kusaidiwa na mtu ambaye mpiga kura amemchagua mwenyewe. Kwa asiyeona, tengenezeni bahasha ya kadi ngumu yenye matundu upande wa mbele, tundu moja kwa kila mgombea, ikiwa na ukubwa uleule wa karatasi ya kura. Karatasi ikatwe pembe moja, ya juu kulia, ili ajue kwa kidole kwamba imeingia sawasawa. Msimamizi asome majina kwa mpangilio mara mbili. Mpiga kura anahesabu matundu na kutia alama. Kadi hiyo hutengenezwa kwa mkasi ndani ya nusu saa. Inayosahaulika zaidi ni meza: iwe na uwazi wa sentimita 70 chini yake, ili mtu wa kiti mwendo aingize magoti na ajifiche kama wengine.

Fungu la bajeti

Bila fungu lenye jina, yote haya hubaki maazimio. Mashirika mengi ya masuala ya ulemavu hupendekeza kutenga asilimia 3 hadi 7 ya bajeti ya shughuli. Humo ndimo watokamo wakalimani, nauli ya msaidizi, uchapaji na matengenezo madogo. Mnaojenga ukumbi mpya mna bahati: ufikivu ukichorwa tangu mwanzo huongeza takribani asilimia 1 ya gharama, ilhali kubomoa na kurekebisha baadaye ni ghali mno. Fungu lisiguswe kwa ajili ya kitu kingine kabla mwaka haujaisha, hata kama miezi sita imepita bila mtu kuomba mkalimani. Huenda bado hawajaamini kwamba mtamleta.

Mwisho, malalamiko. Teueni watu wawili wa kuyapokea, mmoja wao awe mwenye ulemavu na asiwe kwenye kamati tendaji. Yapokelewe kwa simu, kwa maandishi, kwa sauti au kwa alama, yajibiwe ndani ya siku 14, na idadi yake pamoja na hatua zilizochukuliwa isomwe kwenye mkutano mkuu, bila majina, mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina.